Thumni ya Mama

"Na hili kopo, tuliandike shilingi ngapi?"

Shehe aliuliza hivyo kesho yake baada ya arobaini ya baba, mwaka 2019, tumekaa nyuma ya nyumba yetu Tabora, chini ya mwembe. Nyumba ilikuwa imeshaandikwa. Shamba, cherehani, baiskeli na mbuzi wanne, navyo vimeshaandikwa. Likabaki kopo la Kimbo lililojaa sarafu za kale, na watu wote kikaoni wakanigeukia mimi.

Walikuwa na haki ya kunigeukia. Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko karibu na soko kwa zaidi ya miaka 20, na katika mji kama huu fundi saa ana vitu viwili ambavyo si kila mtu anavyo: lenzi ya kubana jichoni na mizani ya kupimia gramu. Mtu akichimba msingi akaokota sarafu, ananiletea. Mjane akifungua sanduku la marehemu mumewe akakuta rupia zimefungwa kwenye kitambaa, ananiletea. Pole pole nikajikuta nanunua, nauza, nasoma, na nyingine nazificha nisizione zikiondoka. Mapenzi hayo niliyapata kwa baba, usiku, taa ya kandili katikati, kopo limemwagwa mkekani.

Kwa hiyo pale chini ya mwembe nilizijua bei za sarafu zile kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, na nilizitaka kuliko mtu yeyote aliyekuwepo. Watu huniuliza mara nyingi, kitu wasichotaka kukiuza wakipangie bei gani. Nusu ya jibu nilikuwa nimeshaipata dukani, miaka mingi nyuma. Nusu ya pili niliipata siku ile, na niliipata kwa aibu.

Nianze na ya dukani.

Kwenye kioo cha meza yangu, chini ya mikanda ya saa, niliwahi kuweka rupia ya mwaka 1890. Hiyo ni rupia ya mwanzo ya Wajerumani hapa kwetu, iliyotolewa na kampuni yao ya Afrika Mashariki kabla serikali yao haijashika kazi hiyo yenyewe. Upande mmoja yupo mfalme wao, Kaiser Wilhelm wa Pili, na kofia yake ya chuma, tai amekaa utosini. Upande wa pili ni nembo ya kampuni, simba amesimama mbele ya mtende. Baba alinipa siku niliyofungua meza. Sikutaka kuiuza, nilitaka ionekane tu. Lakini mteja akiuliza bei, kumjibu "siuzi" niliona ni kama kumnyima mgeni maji. Basi nikazoea kutaja bei ya kufukuzia. Kitu cha 50,000 nasema 300,000. Mteja anatikisa kichwa, anakirudisha, tunaagana vizuri.

Siku moja akaja mzee kutoka Maskati. Wazee wake walikuwa na duka Tabora, na Kiswahili alichozungumza kilikuwa cha hapa hapa, tena cha zamani kuliko changu. Aliishika ile rupia kwa ukingo wake, kwa vidole viwili, kama mtu anayejua kwamba uso wa sarafu haushikwi. Akauliza bei.

"Laki tatu, mzee wangu."

Hakutikisa kichwa. Aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akahesabu noti 30 za elfu kumi, akazilaza juu ya kioo.

"Mzee, kusema kweli hii siiuzi," nikamwambia.

"Mwanangu, nimekuuliza bei, umenitajia. Nimekubali. Kimebaki nini?"

Sikuwa na cha kujibu. Nikamfungia kwenye karatasi. Alipokuwa anainuka akasema, bila hasira yoyote, "Ungeniambia huuzi, tungekunywa kahawa, ukanisimulia habari zake, nikaenda zangu."

Baba alipoikosa kwenye kioo aliniuliza. Nikamweleza kwa furaha kidogo kwamba nimepata mara sita ya bei yake. Akauliza kama nilikuwa na shida ya fedha. Nikasema hapana. "Sasa mbona uliitajia bei?" Hakuigusia tena habari ile mpaka anafariki, na kimya chake kiliniuma kuliko kama angenigombeza. Laki tatu zenyewe sikumbuki nilizifanyia nini.

Tangu siku hiyo bei ya kufukuzia nimeiacha. Inamfukuza asiye na uwezo, ambaye hata hivyo asingekuchukulia kitu chako. Mwenye uwezo na mwenye hamu ya kweli, kwake ni kama umemkaribisha ndani. Sasa nikiulizwa nasema "hii siuzi, lakini itazame", na sijaona mteja aliyekasirika. Wengi huvuta kigoda.

Nilidhani hapo somo limeisha. Lakini mezani kwangu nilikuwa na ruhusa ya kusema siuzi. Kwenye mirathi huna ruhusa hiyo. Kitu kisipotajiwa bei hakigawanyiki, na kisipogawanyika kuna mtu anadhulumiwa. Pale lazima utaje bei ya kitu ambacho hakuna anayetaka kiende, na uitaje kweli.

Nikalimwaga kopo kwenye mkeka. Sarafu 61.

Sarafu ni kitu cha pekee miongoni mwa vitu vya thamani: bei yake imechapwa mwilini, na bei hiyo haina kazi tena. Pia ndiyo iliyotupa nusu ya maneno tunayosemea fedha. Wajerumani mwanzo walihesabu rupia moja kwa pesa 64, kwa mtindo wa Kihindi, na neno pesa lenyewe lilikuja kwa njia hiyo, kutoka Bara Hindi. Mwaka 1904 wakageuza hesabu, rupia ikawa Heller 100. Rupia zao zikatoweka, utawala wao ukatoweka, lakini leo mtoto wa Tabora anayemwomba mama yake "hela ya daftari" bado anataja sarafu ya Kijerumani. Pale mkekani pesa ilikuwepo, hela ilikuwepo, rupia ilikuwepo, senti ilikuwepo, thumni ilikuwepo. Dada zangu walianza kuzishika moja moja, na kwa dakika kadhaa kikao kilisahau kwamba ni kikao.

Nyingi kati ya hizo hazina bei ya maana, na hapa ndipo watu wengi huumia. Chukua senti kumi ya mwaka 1936 yenye tundu. Ina jina la mfalme Edward wa Nane, yule aliyeacha kiti Desemba ya mwaka huo huo bila hata kutawazwa. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku kwetu ziliingia, kwa sababu sarafu yenye tundu katikati haichorwi kichwa cha mfalme, ni jina tu, kwa hiyo hakukuwa na picha ya kusubiri. Nimeletewa senti hiyo mara nyingi na watu waliosikia habari yake na wakaja wakiwa wameshapanga kiwanja cha kununua. Inabidi niwaambie kwamba zilitengenezwa kwa mamilioni. Habari yake ni adimu, yenyewe si adimu, na mnunuzi analipia yenyewe. Kadhalika pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar, zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ni nzuri, ni za kale, na zimejaa tele. Reale za fedha zenye picha ya malkia Maria Theresa zote zimeandikwa 1780, lakini ziliendelea kupigwa karne mbili baadaye kwa mwaka ule ule, Vienna, London, mpaka Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakukubali sura nyingine. Mwaka ulioandikwa si umri wake.

Halafu ikatokea hela tano.

Ni sarafu kubwa ya shaba, pana kuliko zote za shaba mle kopo, nzito mkononi, ya mwaka 1909, na chini yake herufi J ya kiwanda cha Hamburg. Nilipokuwa na miaka tisa niliitoa kopo baba akiwa msikitini, nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Nilitaka kumfurahisha. Nilipomwonyesha aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Imependeza." Ilinichukua miaka 15 kujua nilichokiharibu. Ule weusi wa kahawia unaoivaa shaba kwa makumi ya miaka ndio mnunuzi anaoulipia. Ukishauvua haurudi, na chini ya lenzi mikwaruzo ya majivu inaonekana yote, mamia ya mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, upande wa mkono wangu wa kulia. Niliiandikia theluthi ya bei yake. Ukiwa na sarafu ya kale nyumbani, nakusihi, usiisafishe. Hata kwa maji ya sabuni, uliza kwanza.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ananisubiri kwenye nyingine. Aliiokota sarafu ya njano, akainyanyua juu watu waione. "Hii ni dhahabu ya Tabora," akasema. "Hii peke yake ni mamilioni."

Hakuwa anaropoka. Mwaka 1916, vita vikali, meli za Ulaya zimezuiwa na fedha zimekauka, Wajerumani walitengeneza sarafu hapa hapa mjini kwetu, kwenye karakana ya reli. Walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, jumla yake 16,198, zenye ndovu aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Leo moja ikiwa katika hali nzuri inauzwa kwa maelfu ya dola. Mdogo wangu aliyasoma hayo yote kwenye simu, akaona "Tabora", akaona "1916", akaona herufi T na rangi ya njano, akaamini. Lakini karakana ile ile ilitoa pia sarafu za hela 20 za shaba ya njano na shaba nyekundu, mali ghafi ikiwa pamoja na maganda ya risasi za mizinga, na hizo zilikuwa nyingi. Nilimpa lenzi. Nikamwambia atafute ndovu. Akaona taji, na herufi DOA chini yake, kifupi cha Kijerumani cha jina la koloni lao la Afrika Mashariki. Nikamwambia pia ya dhahabu ni ndogo kuliko hii, haizidi sana ukubwa wa kifungo cha koti, na ina gramu saba tu na kidogo. Akairudisha mkekani taratibu. Nilimwonea huruma kweli. Alikuwa ameshajenga juu yake.

Lakini sikiliza jambo hili. Wakati namwonyesha mdogo wangu kwamba matumaini yameipandisha bei yake, mimi mwenyewe nilikuwa na karatasi magotini ambayo matamanio yalikuwa yameshusha bei. Sikuwa nimeliona hilo.

Mle kopo ilikuwemo rupia mbili ya mwaka 1893. Rupia moja moja zipo, unaweza kuletewa hata tatu kwa mwezi. Ya rupia mbili ni jambo jingine: ni sahani nzima ya fedha, na ilitolewa miaka miwili tu, 1893 na 1894. Maishani mwangu nimeshika mbili, na moja ni hiyo ya baba. Nywele za masharubu ya Kaiser bado zinahesabika. Kwenye ukingo kuna kovu dogo, ilipoanguka siku moja kwenye sakafu ya saruji, na baba alitaja jina la Mungu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tena. Nilitaka sarafu hiyo. Nilishaitafutia hata mahali pa kuiweka.

Nikaiandikia 500,000.

Sikudanganya. Ndivyo nilivyojiambia. Sarafu moja ya fedha ina bei zaidi ya moja. Ipo bei ya sonara, ambaye kwake Kaiser ni gramu tu. Rupia moja ina gramu 11.66 na karibu yote ni fedha safi, anapiga hesabu, anakupa. Ipo bei ya mchuuzi kama mimi, anayenunua leo bila kujua atauza lini, kwa hiyo hawezi kukupa zaidi ya nusu. Ipo bei ya mpenzi, yule aliyekosa sarafu hiyo moja tu kujaza safu yake, na huyo ana uwezekano mkubwa wa kuwa Ujerumani kuliko Tabora. Na hizo zote ni bei zilizolipwa. Bei ambazo watu wanatangaza tu kwenye mitandao, sarafu imekaa miaka haijanunuliwa, hizo usizihesabu kabisa. Mimi nikaandika bei ya mchuuzi. Ni bei ya kweli. Ningemlipa hiyo mtu wa barabarani. Kopo zima likatoka 1,400,000.

Nikaisoma orodha. Shehe akawa anaandika. Nilipofika kwenye rupia mbili, dada yetu mkubwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na hajasema neno, akauliza, "Hiyo umesema laki tano?"

"Ndiyo, dada."

"Naichukua mimi."

Moyo ulinipiga. Akaendelea kuchambua mchele huku anasema. "Ikipungua kwenye fungu langu nitaongeza. Mwanangu yuko Dar, amenitumia asubuhi bei zilizolipwa kwenye mnada huko kwao Wajerumani. Nitaiuza. Au wewe unaonaje, mdogo wangu?"

Sikuona chochote. Nilikuwa natazama karatasi. Kama bei ile ilikuwa ya haki, dada akiichukua ningekuwa nimeridhika, au angalau nisingekuwa nimeibiwa. Na mimi nilihisi nimeibiwa, kabisa, kifua chote. Mtu hawezi kuibiwa kwa bei ya haki. Maana yake bei ilikuwa yangu mimi, nimejipangia mimi, na ile hisia ya kuibiwa ndiyo ambayo dada yangu angekuwa nayo siku ambayo mwanawe angemweleza ukweli, miezi au miaka baadaye, tukiwa tumeshagawana na kusomeana dua.

Nikamwomba Shehe anirudishie orodha. Nikasema mbele yao wote kwamba nimeandika bei ya kununulia, na aliyeketi hapa si mnunuzi tu. Mama alinitazama, kisha akatazama pembeni, na nilimshukuru kwa kutazama pembeni.

Niliirudia orodha yote nikiwa na swali moja kwa kila sarafu: dada akisema "naichukua mimi" kwa bei hii, nitajisikiaje? Na akisema "kaa nayo, nipe changu", nitajisikiaje? Kwa laki tano, jibu la kwanza lilikuwa maumivu matupu na la pili furaha tupu. Nikapanda. Kwa milioni mbili ikageuka. Ningefurahi aichukue, na kulipa mimi ingekuwa mzigo usio na sababu. Nikashuka. Nilipofika 1,200,000 nikakuta mahali ambapo yote mawili yananiuma kidogo na yote mawili yananiridhisha kidogo, na nisingeweza kuapa nachagua lipi. Nikaiandika hapo. Ikawa baadaye kwamba haikuwa mbali na zile bei alizotumiwa dada, lakini sikuziomba kabla, kwa makusudi.

Nimeshatumia kipimo hicho kwa watu wengine tangu hapo. Ndugu wawili na saa ya ukutani ya baba yao. Mama mmoja na kanga za marehemu dada yake. Anayekipenda kitu ndiye ataje bei, na asiyekipenda ndiye achague kukichukua au kuchukua fedha. Ukijua kwamba mwenzako anaweza kusema "naichukua mimi", kalamu inakunyooka.

Kikabaki kitu cha mwisho, kile ambacho nilikiacha pembeni ya mkeka kwa sababu nilidhani ni chepesi. Rupia moja ya Mjerumani iliyochomelewa kijipete juu ya kichwa cha Kaiser, cha kupitishia uzi. Wapenzi wa sarafu hawaitaki. Tundu la kiwandani si kasoro, lakini tundu la msumari au kipete cha sonara kinaiondoa sarafu kwenye hesabu yao. Inabaki fedha ya kuyeyusha. Na hii imeliwa zaidi: uso wa Kaiser umefutika, umekuwa kama kokoto ya mtoni, kwa sababu ilikaa miaka mingi juu ya ngozi ya mtu, ikipanda na kushuka na pumzi yake. Nikaandika 20,000, bei ya sonara.

"Naichukua," akasema dada mkubwa.

"Mimi pia," akasema mdogo wetu wa kike.

"Laki," akasema yule wa kiume, ambaye tangu habari ya dhahabu alikuwa kimya. "Naandikiwa laki kwenye fungu langu."

Dada akasema laki na nusu. Mimi, sikujua nitasema mpaka niliposema, nikasema laki mbili. Kitu ambacho hakuna mpenzi wa sarafu duniani angekigusa kilikuwa kinapanda kuliko rupia tano nzuri zilizokaa pembeni yake, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu: kila mmoja amelala kifuani pa mama akikishika kile kipete usingizini. Kipimo changu cha dakika chache nyuma hakikufaa kitu. Kinafaa pakiwa na mmoja anayetaka na mwingine anayeweza kuacha. Hapa hakuna aliyeweza kuacha.

Mama alinyoosha mkono. "Nipe hiyo."

Nikampa.

"Hii si ya baba yenu," akasema. "Hii ni ya mama yangu. Uzi ulikatika, nikaiweka kopo isipotee. Mnagawana mali ya mtu aliye hai."

Shehe akaweka kalamu chini. Akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Nilikuwa nimekipima kile kidani gramu zake, nimekitazama chini ya lenzi, nimekitafutia bei mbili, na sikuwa nimeuliza ni cha nani. Tangu siku ile, mtu akiniletea kitu cha marehemu nikipangie bei, hilo ndilo swali ninaloanza nalo, kabla ya kugusa mizani. Mara kadhaa limenirudisha nyumbani bila kazi, na ilikuwa heri.

Jumla ya kopo, bila kidani cha mama, ikasimama 2,400,000. Shehe akaisoma hesabu: mjane mwenye watoto ana thumni, kinachobaki, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Mama 300,000. Sisi wa kiume 700,000 kila mmoja, dada zetu 350,000 kila mmoja. Rupia mbili niliichukua mimi, nikatoa 500,000 za juu: za mama pale pale, kutoka akiba ya duka, na zilizobaki kwa awamu mbili ndani ya miezi minne, na dada mkubwa ndiye aliyekuwa ananikumbusha tarehe. Sarafu nyingine wakagawana kwa bei zilizoandikwa.

Mdogo wetu wa kike alikuwa amecheka Shehe aliposema thumni, akaokota senti 50 ya mkoloni mkekani, ile yenye simba, akasema, "Yaani mama anapewa hii?" Kizazi chetu hakilijui tena neno hilo isipokuwa kwenye mirathi. Kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Kwa wazee wetu ilikuwa senti 50, nusu shilingi, na mama aliposikia akasogea karibu.

"Hizi umeziandika ngapi?"

"Elfu moja moja, mama. Hazina fedha ndani, na zipo nyingi sana."

Zilikuwa saba. Akazigeuza moja moja, akizisogeza karibu na jicho la kushoto ambalo ndilo linaloona vizuri. Tulipooana, akasema, baba yenu alikuwa ananipa thumni kila Ijumaa, ya chumvi na mafuta ya taa. Ya Ijumaa ya kwanza sikuitumia. Nikamwambia leo hatuna chumvi.

Akachagua moja, ya mwaka 1948. Nilimuuliza ameijuaje, kwa sababu mimi na lenzi yangu sikuona tofauti kati yake na zile sita. Hakunijibu. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno, akaniambia niandike.

Nikaandika: Mama, sarafu moja, 1,000. Taslimu, 299,000.